Kijana wa ndani ya basi

Wamama wenzangu, Jumamosi nilinunua petroli ya jenereta ili mwanangu atazame kipindi cha Doctor Who cha 2009, "Planet of the Dead". Rafiki yake hapa Ankoro alimwambia yumo Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake ni wa Uganda.

Basi la London linatumbukia kwenye sayari ya mchanga. Huo mchanga ni wa Dubai, tena mzuri! Lakini Kaluuya anapokea amri tu, ujanja wote ni wa wengine.

"Mama, yeye hafanyi kitu?"

Nilikosa la kumjibu. Nikamwambia kwamba 2021 kijana huyo alipata Oscar. Akaomba turudishe nyuma amwangalie tena. Petroli ilikuwa imekwisha.