Maziwa ya Ndama Mgonjwa

Katika vilima vya Rungwe, ambako migomba husimama hadi mlangoni, ndama mwenye kuhara ni msiba wa nyumba nzima. Macho humdidimia, ngozi ya shingo ikifinywa hukawia kurudi. Shauri la wengi lilikuwa azuiwe maziwa, utumbo upumzike. Shauri hilo lilikuwa na huruma, ila liliongeza njaa juu ya kiu.

Ukuta wa utumbo umefunikwa vinyuzi vidogo mfano wa mahameli, na maradhi huvikata. Vinyuzi vipya huota kwa chakula kipitacho juu yake; amnyimaye ndama maziwa huunyima ukuta huo fundi wake. Mwaka 1960, mjini Prague, Robert Crane alieleza jinsi sukari na chumvi zinavyoingia pamoja katika ukuta wa utumbo, maji huzifuata. Mara nyingi mlango huo haufungwi na kuhara. Basi maji ya chumvi na sukari hunyweshwa baina ya nyakati za maziwa, si badala yake, wala si katika ndoo moja, maana baadhi ya michanganyiko huyazuia maziwa kuganda tumboni.

Kusema ni rahisi. Karibu na Tukuyu maziwa ndiyo mahitaji ya shule na mafuta ya taa. Alfajiri mama mwenye ng'ombe mmoja husimama bandani, ndoo mkononi. Mnunuzi yu barabarani, na ndama amelala juu ya majani makavu ya migomba, kichwa amekigeuzia ubavuni.