Simu chini ya mto

Leo naandika juu ya usingizi, maana nimeukosa sana.

Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoanguka, nilianza kulala na simu chini ya mto. Sisi tuko hapa Nakivale, lakini kaka yangu mkubwa, tunamwita Yaya, alikuwa bado Bukavu. Katikati ya Februari Bukavu nayo ikachukuliwa. Yaya akaandika: "Natoka kwa miguu." Kisha kimya siku nne.

Usiku ndo bando ni rahisi, na mtandao unatembea vizuri. Basi saa tano niko macho, saa nane niko macho. Naangalia kama ameonekana hewani. Hakuna. Naingia kwenye makundi, naona video za watu wanakimbia, nakuza picha nitafute uso wake. Saa kumi ndo nasinzia, saa kumi na mbili naamka kwenda kujifunza kushona.

Siku ya tatu nilisinzia juu ya cherehani. Sindano ikapita kwenye kidole. Muganga akanifunga, hakuniuliza juu ya cherehani. Aliniuliza, "Unalala saa ngapi?"

Akanieleza kwamba mwanga wa simu unaambia ubongo eti bado ni mchana, na ile homoni ya kuleta usingizi, melatonini, inachelewa. Tena habari za kutisha zinaweka mwili tayari kukimbia, hata kama umelala kwenye mkeka. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10. Mtu mzima, yasipungue 7. Mimi nilikuwa napata mawili.

Nikamwambia, "Siwezi kuzima. Akipiga je?"

Mama ndo alipata dawa. Alisema tupeane zamu. Usiku mmoja simu inakaa kwake, usiku mwingine kwa dada, mwingine kwangu. Data inazimwa, mlio wa kupigiwa unaachwa juu. Simu inawekwa kwenye sufuria karibu na mlango, siyo kitandani. Mwenye zamu anasikia, wengine wanalala.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mama. Usiku ule nililala kama mtoto. Asubuhi akaniambia Yaya alipiga saa tisa usiku kwa namba ya mtu. Amevuka Rusizi, yuko Burundi, miguu imevimba lakini mzima.

Nilikasirika. "Mama, kwa nini hukuniamsha?"

"Ningekuamsha ufanye nini? Yeye mwenyewe alikuwa anaenda kulala."

Sikuwa na jibu. Kweli, kukesha kwangu hakukumvusha mto. Kulinipa kidole kibovu tu.

Mpaka leo tunaendelea na zamu, maana bado tuko na watu kule. Kuna usiku nashindwa, naiba simu. Lakini siyo kila siku.

Nyinyi mnaofanya kazi na sisi, mkituona tunasinzia kwenye mafunzo msiseme tu "vijana wanapenda simu, wazime." Tuulizeni kwanza tunasubiri habari za nani.

Na wewe kijana mwenzangu, kama uko peke yako, tafuta jirani mmoja mpeane zamu. Nani anabeba simu yako usiku wa leo?