Nafasi ya rejeta

Kiswahili kina neno moja, nafasi, kwa mambo ambayo Kifaransa kinayagawa: mahali palipo wazi, wakati wa kufanya kitu, na bahati ya kufanikiwa. Darasani neno hili hutolewa kama mfano wa polisemia. Maana zake zote tatu nimezikuta mahali pamoja, chini ya kapo ya Peugeot 404 ya mjomba wangu, ambamo kati ya grili na puli ya pampu ya maji kuna sentimita 14 tu.

Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Injini yake ya petroli ililazwa upande, na kapo ikakaa chini. Ile ya mjomba ilikufa zamani. Mahali pake akaweka dizeli ya Toyota ya lita 2.4, iliyosimama wima na ndefu kuliko ya kwanza. Gari likapata nguvu ya kuleta samaki Lubumbashi kutoka Kasenga, lakini rejeta ikabaki ileile ya Peugeot. Kila likipanda na mzigo, sindano ya joto inapanda nalo. Mara mbili gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Mwaka huu pesa iliyokuwepo ilitosha ama rejeta mpya, ama ada yangu ya chuo. Ndiyo maana mjomba alinipa kazi ya kusoma kabla yeye hajanunua.

Nilikokuta masomo mengi ni Marekani, kwa wapenzi wa hotirodi: magari ya zamani ambayo wenyewe huyaondolea injini ya kiwandani na kuyawekea yenye nguvu zaidi. Gari wanalolipenda kuliko mengine ni Ford ya 1932. Pua yake ni nyembamba, na wengi huweka humo V8 ya Chevrolet, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1955. Wao hufanya hivyo kwa starehe, sisi kwa kukosa injini ya asili. Lakini moto ni uleule, na pua ni nyembamba vilevile. Rejeta haiwezi kuongezwa upana kwa sababu shasi inazuia, wala unene kwa sababu feni iko hapo hapo.

Sokoni tulipata tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa ya alumini, mpya kabisa, imefika kwa njia ya Dar es Salaam pamoja na jina lake, rejeta, wakati gereji zetu husema radiatere. Ya pili ilitoka kwenye Hiace: pana na nzuri, ila ilidai kukatwa kwa vyuma vinavyoshika mataa. Ya tatu ilikuwa ile ya zamani, ivuliwe moyo wake na kutiwa mwingine wa shaba, wenye safu nne za mirija badala ya mbili. Mjomba alivutwa na safu nne. Aliona kwamba maji mengi yatapoa zaidi.

Fundi alipima ile nafasi kwa vidole, akasema: “Haina bukubwa, papa. Njo mupepo.”

Wanaisimu wenzangu watakuwa wameisikia sentensi hiyo mara elfu bila kusimama. Katika Kiswahili cha Lubumbashi haina haisemi tu kwamba kitu hakina kingine. Inakanusha kama siyo. Njo, inayotokana na ndiyo, inatia mkazo kwenye kile msemaji anachokiweka mahali pa kile alichokataa. Sanifu ingeandika: “Si ukubwa, ni upepo.” Lakini ni ya kikwetu haina mkazo huo wa njo. Fundi alikuwa akichagua, na sarufi ilikuwa ikichagua pamoja naye.

Naye alikuwa na sababu. Upepo ukipita safu ya kwanza unabeba joto. Ukifika ya nne umekwisha pata moto, na njiani umebanwa. Kuongeza unene kunasaidia kidogo kidogo. Kinachosaidia sana ni uso unaotazama upepo. Moyo wa zamani ulikuwa na upana wa sentimita 45 na kimo cha 40, yaani sentimita 1800 za mraba. Fundi alipendekeza kushusha kishikio cha chini ili kimo kifike 47. Uso unakuwa 2115, zaidi ya asilimia 17, bila kula hata sentimita moja ya ile nafasi ya mbele ya injini. Safu zikawa tatu. Nyuma yake akazungushia feni bati ili ivute upepo kupitia moyo wote, siyo mduara wa katikati peke yake.

Juu ya madini tulibishana zaidi. Alumini ni nyepesi, na mirija yake mipana inapoza vizuri. Shaba inapitisha joto kuliko alumini, lakini ni nzito. Swali la mjomba lilikuwa lingine: jiwe likiitoboa katikati ya njia, nani ataifunga? Shaba inazibwa kwa risasi na fundi yeyote mwenye moto. Alumini inataka mashine ambayo njiani hakuna. Hapo alumini ilitoka katika mashindano.

Kikabaki kifuniko. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria wazi huchemka karibu digrii 96. Kifuniko kinachoshika shinikizo hurudisha digrii hizo na kuzidisha. Ila viungo vya zamani vilivyozibwa kwa risasi havivumilii shinikizo kubwa, kwa hiyo fundi alikataa kile cha gari jipya na kutafuta cha nguvu ya kadiri.

Kutia moyo mpya kuligharimu chini ya ile ya alumini. Kilichobaki kililipa awamu ya kwanza ya ada yangu. Gari limekwenda Kasenga mara tatu, na sindano imepanda bila kufika kwenye nyekundu, hata kwa mzigo. Mimi nimebaki na daftari la maneno ya gereji, ambayo mengi sijayaona katika kamusi yoyote ya maktaba yetu, na mwalimu wangu amekubali niyafanyie kazi ya mwisho. Awamu ya pili ya ada bado inadaiwa. Iko njiani, pamoja na samaki.