Kisasi na Mzee Ryan

Tangu mwaka 1933 Wamarekani waliweza kutazama sinema uwanjani usiku, wameketi ndani ya motokaa zao. Huko zilipelekwa picha nyingi za gharama ndogo, na habari za wapanda farasi wenye kulipa kisasi zilipendwa sana.

Tuitazame moja ya namna hiyo, Death Rides a Horse, iliyotengenezwa na Waitalia mwaka 1967. Bill, angali mtoto, aona jamaa zake wakiuawa. Baada ya miaka 15 awawinda wauaji. Kisha atambua ya kuwa mzee Ryan, mwenziwe wa safari, alikuwa mmoja wa wanyang'anyi wale. Tena ndiye aliyemwokoa motoni. Mwisho Ryan ampa mgongo, naye Bill hamuui.

Watazamaji walilipa waone kisasi. Sisi twaona tendo kubwa kuliko yote mle ni kule kumwacha Ryan aende zake.