Hewa Iliyopotea Njia



Sisi tukaao Gisenyi twajua kuliko watu wengi ya kuwa hewa ni kitu cha kuheshimiwa. Chini kabisa ya ziwa letu la Kivu imelala gesi nyingi mno iliyoyeyuka majini, nayo haimdhuru mvuvi wa sambaza maadamu imetulia huko kilindini. Na ng'ambo ya mpaka, huko Goma, hata watoto walijua neno mazuku, yaani gesi nzito itokayo ardhini na kujikusanya mahali pa bondeni, ikamwua mbuzi au mtu kimya kimya. Hewa ikiwa mahali pake ni uhai. Ikipotea njia, hayo ni mambo mengine. Leo nataka kuwaeleza habari ya hewa iliyopotea njia ndani ya kifua cha mtu. Madaktari huuita ugonjwa huo nyumomediastinamu, nami nimeujua kwa kuwa ulimpata mwenzetu mmoja wa bweni.

Yafaa kwanza tujue umbo la kifua. Kulia kuna pafu na kushoto kuna pafu, na katikati yake mna nafasi ambamo moyo hukaa, pamoja na mishipa mikubwa ya damu, koo la hewa, na umio, yaani njia ipitishayo chakula kwenda tumboni. Hewa ina ruhusa ya kupita ndani ya koo lake na kuingia mapafuni. Lakini katika nafasi ile yenyewe, nje ya koo na nje ya mapafu, haina kazi wala haitakiwi kuwapo.

Mwenzetu huyo ni kijana wa miaka 17, mrefu, mwembamba, mlinda mlango wa timu yetu, naye ana pumu tangu utoto. Alhamisi moja ya muhula uliopita tulifagia bweni lote na kukung'uta magodoro, vumbi likajaa kila mahali. Usiku pumu ikamkamata, akakohoa mpaka jogoo wa kwanza. Kulipopambazuka alisema kifua kinamchoma nyuma ya mfupa wa kidari, na maumivu yanapanda shingoni kila avutapo pumzi. Sauti yake ilikuwa imegeuka, nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua. Shingo ilivimba, na nilipoigusa nilisikia chini ya ngozi kitu kikilia kama majani makavu ya mgomba yanapokanyagwa.

Yeye alituomba tusimwambie mtu, maana Jumamosi palikuwa na mchezo. Mmoja wetu alisema karogwa. Mwingine, kwa moyo mwema kabisa, alileta kikombe cha maji ya chumvi akasema, "Anywe atapike, upepo utamtoka." Nilikichukua kikombe kile nikakimwaga nje. Sikuwa na elimu yoyote ya jambo hilo, ila niliona ya kuwa mtu asiyeweza kuvuta pumzi vizuri hawezi kutapika kwa salama. Kisha nikamwita mwalimu wa zamu. Mgonjwa alinikasirikia sana, hata njiani kwenda hospitali hakusema nami neno.

Daktari aliyempokea alikuwa mama mmoja mpole. Baada ya kumpima alimwuliza, "Mwanangu, kabla ya maumivu haya ulitapika?" Akajibu, "Hapana, daktari, nilikohoa tu." Akamwuliza mara ya pili, kisha akanigeukia mimi, "Nawe ulikuwapo usiku? Kweli hakutapika?" Nikamwambia ni kweli. Nilistaajabu kwa nini swali hilo lilikuwa kubwa namna ile, nami nikamwomba anieleze.

Alieleza hivi. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Mtu akikohoa kwa nguvu, akipiga kelele mno, akijikaza kuinua mzigo mzito, au akizamia majini kisha akapanda juu huku amezuia pumzi, vifuko vingine huweza kupasuka. Hewa haitoki hapo hapo, bali hutambaa kando ya mishipa ya damu mpaka katikati ya kifua, kisha hupanda shingoni. Mwenye baiskeli ataelewa upesi: mpira wa ndani hutoboka upande mmoja, lakini upepo hupita kati yake na tairi, ukatokea penye tundu la kujazia, mbali na tobo lenyewe. Njia hiyo ya hewa ilielezwa mwaka 1939 na Charles Macklin wa Kanada. Mwaka huo huo Louis Hamman, daktari wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya sauti ya kukwaruza isikikayo kifuani kwa wagonjwa wengine pamoja na kila pigo la moyo.

Hewa ya namna hii mara nyingi haiui. Lakini ina ndugu yake aliye mbaya. Mtu akitapika kwa nguvu, umio huweza kupasuka. Hapo hewa huingia katikati ya kifua pamoja na chakula na uchafu wa tumboni, na bila kutibiwa upesi, mara nyingi kwa kupasuliwa, mgonjwa hufa. Daktari Herman Boerhaave wa Uholanzi aliandika habari hiyo mwaka 1724, baada ya jemadari mmoja wa majini kula sana, kujitapisha, kisha kufa kwa maumivu makali. Magonjwa hayo mawili huweza kufanana kwa nje, na swali la kutapika ni moja ya yale yanayoyatenganisha. Ndipo nikakikumbuka kile kikombe cha maji ya chumvi, mwili ukanisisimka. Laiti angalikinywa, huenda angalijiumiza zaidi, na daktari angalipewa fumbo gumu la kufumbua.

Picha ya eksirei ilionyesha mistari myembamba myeusi kando ya moyo. Ndiyo hewa yenyewe. Hakupasuliwa, wala hakutobolewa shingo kutoa upepo. Alipewa dawa ya pumu, dawa ya maumivu, oksijeni ya kuvuta puani, na amri ya kupumzika. Oksijeni ina kazi mbili. Humsaidia mgonjwa kupumua, tena huharakisha kuondoka kwa hewa iliyopotea. Maana sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, na damu ikipungukiwa na naitrojeni huinyonya ile iliyo nje. Siku ya nne alirudi shuleni, na baada ya juma moja shingo ilikuwa kama zamani. Lakini alikatazwa kwa muda kucheza mpira, kupuliza tarumbeta, kuzamia ziwani na kusafiri kwa ndege, mpaka daktari amruhusu.

Basi, wenzangu, wenye pumu wasiache dawa zao, na siku ya kukung'uta magodoro wapewe kazi nyingine. Maumivu ya ghafula ya kifua, shingo iliyovimba na kulia chini ya vidole, au sauti iliyogeuka, si mambo ya kungojea Jumamosi ipite. Usimkande mgonjwa wala usimtapishe. Mpeleke hospitali, ukaeleze yote uliyoyaona bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu neno moja la kweli laweza kumwonyesha daktari njia.

Twapenda kusema ya kuwa mwanamume hujikaza. Ni kweli, lakini mahali pa kujikaza ni shambani na darasani. Wazee wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na rafiki aombwaye kuficha maradhi ya mwenzake, heri akasirikiwe juma moja kuliko kumlilia maisha.