Daftari la Chumba cha Vidonda

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mzee wa mguu wa kisukari amekuja na mjukuu wake. Kidonda kiko chini ya kidole gumba, upana wa sarafu ya mia mbili, kingo zimeota sugu nyeupe. Nimezikata kwa kisu mpaka damu ikaonekana. Hakushtuka hata kidogo, maana mishipa ya fahamu ya unyayo ilishakufa.

“Sista, ya kupaka haipo? Vidonge vinanichafua tumbo.”

Nikamwambia haipo. Swali lake nimekuja nalo nyumbani.

Jumatano, 6 Machi, usiku

Katika kutafuta jibu la mzee, nimemsoma mtafiti Michael Zasloff. Huko Marekani alikuwa akiwapasua vyura wa Afrika wenye makucha, anawatoa mayai, anawashona na kuwarudisha kwenye maji machafu. Wakapona bila usaha. Mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na kazi. Yeye akataka kujua sababu. Mwaka 1987 akatangaza alichokikuta kwenye ngozi yao: peptidi, vipande vifupi vya protini vyenye asidi amino 23.

Zina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi. Zinamng’ang’ania, zinamtoboa, anavuja, anakufa. Seli zetu kwa nje hazina chaji hiyo, kwa hiyo nyingi husalimika. Nasi tunazo zetu: LL-37 kwenye ngozi, dermisidini kwenye jasho. (Jasho! Na sabuni zote tunazonunua.)

Jumamosi, 9 Machi

Kutokana na peptidi ya chura ikatengenezwa pexiganan, krimu ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Mzee wangu hasa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa mwaka 1999. Baadaye kampuni nyingine ikaifufua, na mwaka 2016 majaribio mawili makubwa yakaonyesha kwamba haikuishinda krimu tupu isiyo na dawa.

Hapo nimeirudia aya mara kadhaa. Waliopakwa krimu tupu nao walikuwa wakisafishwa vidonda! Kwenye sahani ya maabara bakteria yuko peke yake. Kwenye kidonda kuna chumvi, usaha, na vimeng’enya vinavyoikatakata peptidi. Lakini mimi naona dawa ile ilishindwa pia na kisu na maji ya chumvi. Najisifu, sawa. Hata hivyo nisingeifunga habari hii: bakteria sugu wanaongezeka, na vidonge vikigoma tutarudi kwa chura.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza na mzee anataka kufunga. Nikamwambia, “Mzee wangu, hilo kamuulize daktari kwanza, insulini haina mchezo.” Ameninunia.

Mwenzangu wa dirisha la dawa kanicheka: peptidi zipo kwenye rafu siku zote, basitrasini ya kwenye poda ni nini? Kweli, ni ya miaka ya 1940. Ila yenyewe humzuia bakteria kujenga ukuta wake, na poda ya juujuu haifiki kwenye kidonda kirefu.

Harufu ya kidonda cha mzee imepungua, kingo ni nyekundu. Lakini bado anatembelea kandambili zilizolika. Mjukuu ameahidi kutafuta viatu vya soli nene kabla ya Ijumaa.