Cheua, Kisha Umeze

Mpwa wangu mpendwa Hamdi,

Huku Sangailu tu wazima, alhamdulillahi. Mvua ya deyr, yaani ya vuli, imenyesha, silanga letu la maji limejaa, na ng'ombe wamerudi kutoka upande wa msitu wa Boni. Maziwa yapo, hata ya kumpelekea jirani. Ayeeyo, bibi yako, anakusalimu sana. Magoti bado yanamsumbua, lakini alfajiri haimpiti.

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Unasema umekutana na neno "ruminate" katika kitabu cha Kiingereza, na kamusi ikakupa maana mbili: kutafakari kwa kina, na kucheua. Ukacheka kwamba Wazungu wamemweka mwenye hekima zizi moja na ng'ombe.

Usicheke, mwanangu. Waingereza walilitoa neno hilo kwenye Kilatini katika karne ya 16, na Warumi nao walikuwa wakilitumia kwa mnyama na kwa mtu anayerudia jambo akilini. Hata "ponder" asili yake ni Kilatini: kupima uzito. Maneno ya wasomi wako yametoka kwa watu wa zizi na mizani, watu kama sisi.

Ukija likizo, kaa nami zizini baada ya magharibi umtazame ng'ombe vizuri. Mchana hana muda na jani. Hulitafuna juu juu na kulimeza. Kazi yenyewe huja akishalala chini. Utaona tonge likipanda shingoni, taya likizunguka upande upande, mara 50 hivi, halafu tonge linashuka. Hutulia kidogo, kisha linapanda jingine. Kwa siku huweza kucheua kwa muda wa saa 7 au 8. Ndiyo maana mchungaji akimshuku mnyama humwangalia mdomo kwanza: aliyeacha kucheua ana jambo.

Sasa shika hili: kila tonge analotafuna, hulimeza. Binadamu ndiye awezaye kutafuna tonge lile lile mwezi mzima. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alitumia neno lako hilo hilo kwa tabia ya mtu kuzungusha huzuni yake kichwani bila kuchukua hatua, na tafiti zake zikaonyesha kwamba tabia hiyo huzidisha sonona na kuirefusha. Kwa hiyo neno ni moja, lakini lina heri na shari ndani yake.

Mimi shari yake naijua. Unaukumbuka ukame wa 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika nchi hii. Nililala macho usiku baada ya usiku nikihesabu waliokufa na waliobaki, na hesabu haikubadilika kwa kurudiwa. Kilichonitoa hapo ni wazee. Tulikaa chini ya mti, kila mmoja akasema lake, na kabla ya adhuhuri tukakata shauri: madume wapelekwe soko la Garissa wakiwa bado na nyama, wenye maziwa wahamishwe. Hasara haikufutika, lakini usiku ule nilipata usingizi.

Mama yako ananiambia nawe huna usingizi tangu matokeo ya hisabati ya mtihani wa majaribio. Hilo ndilo lililonifanya niandike, kuliko hata habari ya kamusi. Sikukatazi kufikiri. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutafakari, na katika sura ya Al-Ghashiya ametuelekeza tumtazame ngamia alivyoumbwa. Lakini fikra iwe na mwisho. Ukisoma, soma kwanza, halafu weka simu mbali ukae kimya uyarudie uliyoyasoma. Likikujia jambo la kukutia hofu, jiulize kama usiku wa leo limekuletea lolote ambalo jana hukuwa nalo. Likikuletea, liandike. Lisipokuletea, wewe unatafuna tonge lililokwisha ladha. Lipeleke kwa mtu mwingine. Mtaka ushauri hapungukiwi heshima, na ukishashauriana, swali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, uamue, usirudi nyuma.

 

Jumatatu nenda kwa mwalimu wako wa hisabati ukiwa na karatasi yako ya mtihani, umwonyeshe swali moja moja uliloshindwa, na umwombe akupangie pa kuanzia. Jioni, baada ya isha, nipigie simu uniambie alivyokujibu. Simu yangu nitaichaji mapema.

Akupendaye,
Abti (mjomba) wako